Kura ya Kogo Cheptoo

Usiku wa kuhesabu kura sikulala, na sidhani kuna mwanamke aliyelala katika senta yetu, si madukani si mashambani. Wenzangu walikuwa wakingoja kusikia nani ameshinda. Mimi nilingoja kujua kama maziwa yetu yatapokelewa asubuhi.

Mitungi miwili ya maziwa ya jioni ilisimama ndani ya karai la maji baridi. Huku kwetu juu, upande wa Olenguruone, baridi ya usiku hutunza maziwa hadi alfajiri, lakini jua likishapanda unajitafutia mwenyewe. Kogo, yaani nyanya, ndivyo tunavyomwita mama mzazi wa mume wangu, alikuwa ameketi kando ya jiko na redio ya betri mapajani. Kila wadi ilipotajwa alisema "Eh," kama mtu anayesikiliza bei ya viazi. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wote wa nyumba ile nilikuwa nimebeba mimi.

Mume wangu, Kipyegon, alikuwa zamu Olkaria, kwenye visima vya mvuke, ambako simu hushika pale inapotaka. Binti yetu Lynn anasomea uuguzi Nakuru na amepanga chumba Kaptembwo. Karo yake inatoka kwa ng'ombe, si kwa mshahara wa baba yake, maana mshahara ule una midomo mingi. Maziwa yakikataliwa, Lynn hafanyi mtihani wa muhula huu. Yeye mwenyewe alijua, ndiyo sababu alinipigia usiku ule.

"Mum, Kogo alimpigia nani kura?"

"Hilo siwezi kukwambia."

"Si useme tu ni Kibii? Mwambie mwenyekiti wa maziwa alimpigia Kibii wa wazee, yaishe. Nani atajua?"

"Niliapa, Lynn."

"Mathe, hiyo kiapo italipa fee?"

Kogo alipunguza sauti ya redio, akasema bila kunitazama, "Mwambie mtoto alale."

Nieleze sasa Kogo ni nani, maana bila hivyo utadhani ni mwanamke mkorofi, na sivyo alivyo.

Jina lake ni Cheptoo, jina la msichana aliyezaliwa siku ambayo kuna wageni nyumbani. Yeye husema wageni wale hawajaenda hadi leo, wanabadilishana tu. Alikulia kwenye shamba la mzungu, akichuma pareto tangu mikono yake ilipoweza kushika kikapu, na shule aliiona kwa mbali akipita. Aliolewa, wakapata shamba huku juu, akazaa, akazika wawili, akazika na mume. Kituo chetu cha maziwa kilipojengwa alikuwa kati ya wanawake waliobeba mawe kutoka mtoni kwa migongo yao. Ng'ombe wake huwajua kwa pumzi. Siku hizi macho yameingia ukungu, hata sura ya mtu aliye mbele yake anaikisia tu, lakini ng'ombe hakosei.

Mimi jina langu ni Waithera, ingawa huku naitwa Mama Lynn. Kwetu ni Molo, na mimi si wa kabila la huku. Mwaka ule mbaya, watu walipochomeana nyumba baada ya kura, ndugu zangu waliondoka na magodoro kichwani, na mimi nikabaki kwa Kogo. Tangu wakati ule kila msimu wa kura ukifika mimi husikiliza. Nasikiliza watu wanavyosalimiana dukani, nani ananyamaza nikiingia, nani amehamisha ng'ombe, nani amepeleka watoto mjini kabla ya shule kufungwa. Sisemi sana. Nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini masikio yangu hayana darasa.

Senta yetu hupiga kura kama mtu mmoja, na si kwa upumbavu. Wazee hukaa, wakaulizana, jina likatoka, na siku ya kura jina hilo hujaza sanduku. Senta iliyo ng'ambo ya bonde iligawanya kura zake, na hadi leo wanawasha koroboi. Sisi tuna stima, na barabara yetu hupitika hata mwezi wa nne mvua ikinyesha. Mzee Kipngetich, mwenyekiti wa kituo cha maziwa, hukumbusha watu jambo hilo kila mara, na hasemi uongo. Yeye ndiye aliyekwenda kukaa kwenye ofisi za watu hadi transfoma ikaja. Ni mtu wa kazi. Tatizo lake ni kwamba hawezi kulala akijua kuna kitu hakijui.

Kwa miaka mingi kura ya Kogo ilikuwa siri kama tangazo la mazishi. Asiyejua kusoma, kama hana msaidizi wake, husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama. Msimamizi anauliza, "Mama, unamtaka nani?" Yeye anataja jina, mawakala wanatega masikio, msimamizi anatia alama. Kogo alikuwa akitaja jina la wazee kila mara, bila shida.

Halafu ukaja uchaguzi ule uliotangulia huu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa viazi aliyeitwa Kamande, akigombea uwakilishi wa wadi, na kila mtu alijua hatapata kitu. Lakini Kamande huyo ndiye aliyesimamisha lori usiku wa mvua akambeba mume wa Kogo hadi hospitali, akangoja hadi akalazwa, na hakutaka shukrani. Kogo aliingia shuleni tunakopigia kura, akaulizwa anamtaka nani, akasema kwa sauti yake ile ya kuitia ng'ombe: "Kamande."

Kabla hajafika nyumbani habari ilikuwa imefika. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimpa tu jina. Kuanzia siku hiyo Kogo akawa Kamande. Watoto walimwita hivyo njiani, wanawake walimwita hivyo mtoni. Hata kanisani, siku ya sadaka, mtu alisema, "Sogeeni, Kamande apite." Watu wakacheka na Kogo akacheka pia. Lakini mimi niliyekuwa nikikaa naye jioni niliona alivyoacha kwenda senta siku za soko. Alikuwa akinituma mimi.

Basi mwaka huu jina la wazee lilikuwa Kibii, mtoto wa dada yake Kipngetich. Siku moja kabla ya kura, tulipopeleka maziwa, mwenyekiti alisimama juu ya kreti mbele ya mlango wa kituo.

"Akina mama," akasema, "kesho hakuna hata mmoja wenu anayejua kusoma."

Tukacheka, tukidhani ni mzaha.

"Sifanyi mchezo. Ukifika pale sema hujui kusoma na picha huzioni vizuri. Utaulizwa, utasema Kibii, na kijana wetu atasikia. Hivyo hakuna mtu atasingiziwa baadaye."

Mama mmoja akauliza, "Mwenyekiti, na mimi niliyemaliza fomu foa?"

"Wewe ndiye hujui kabisa!"

Vicheko tena. Lakini niliona vilikatika upesi, na kila mmoja akaangalia mtungi wake. Ni maziwa tuliyokuja nayo, na mlango ni wake. Hakuhitaji kutuambia zaidi.

Nilifika nyumbani nikamweleza Kogo nikidhani atafurahi, maana kwake hakuna kinachobadilika. Yeye kweli hajui kusoma. Ataulizwa, atasema Kibii, basi. Alikuwa akichambua mboga kwa vidole. Akaacha.

"Mama Lynn, kesho utaingia na mimi."

"Kuingia wapi?"

"Pale ndani. Walisema kwa redio, asiyeona anaweza kuja na mtu wake."

Nikamweleza pole pole, kama unavyomweleza mtu mzima jambo bila kumkosea. Nikasema, msaidizi ni lazima asome. Nikiingia na wewe, nimetangaza mbele ya watu wote kwamba mimi najua kusoma. Sasa kwa kura yangu nitasemaje kwamba sijui kusoma? Na mwenyekiti atasema hii imetoka kwangu, ni maneno ya Molo. Na maziwa, Kogo? Na Lynn?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimewasemea kura yangu kwa mdomo tangu nikiwa na meno yote. Sasa nimebaki na machache. Hii moja nataka nijue mimi na Mungu, na wewe kwa sababu huna budi. Kama unaogopa nitaomba mtu njiani."

Alikuwa anaweza kufanya hivyo kweli. Nikamwona amesimama barabarani anaomba mpita njia. Nikasema nitaingia.

Asubuhi tulipanga foleni tukiwa tumevaa makoti, ukungu bado uko chini. Mbele yetu wanawake waliingia mmoja mmoja, na dirisha lilikuwa wazi, tukasikia: "Sijui kusoma." "Kibii." "Sijui kusoma." "Kibii." Yule wa fomu foa alisema kwa sauti ndogo hadi akaambiwa arudie.

Msimamizi alikuwa msichana wa Nakuru mjini, anaitwa Mastura, amevaa hijabu ya buluu na ana sauti ya upole. Alimwinukia Kogo.

"Shikamoo bibi. Unahitaji kusaidiwa?"

Kogo akasema, "Nimekuja na wangu."

Wakala wa Kibii, kijana tunayemjua tangu akitembea bila suruali, akainuka. "Madam, huyu mama kila mwaka anasaidiwa na msimamizi. Hata hajui taratibu."

"Taratibu zinamruhusu," Mastura akasema. Kisha kwangu: "Wewe mama, unajua kusoma?"

Sikumbuki kama niliwahi kuulizwa swali hilo maishani. Nikasema, "Najua."

Niliapishwa. Nikasema maneno aliyonisomea, kwamba nitatia alama pale mpiga kura atakaponiambia na sitamfunulia mtu yeyote. Nikatia sahihi. Tukaenda nyuma ya kile kisanduku cha kadibodi, Kogo akishika mkono wa koti langu. Nilimsomea majina yote kwa kunong'ona, karatasi moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alininong'onezea sikioni. Pumzi yake ilinuka chai. Alipomaliza aliniambia nimsomee tena ile ya wadi, nimwonyeshe kwa kidole chake mahali alama ilipo. Nikakishika kidole chake nikakiweka hapo. Akakaa nacho kidogo.

Baada yake nilipiga yangu, peke yangu, kimya.

Mwenyekiti alikuwa akinisubiri kwenye lango la shule.

"Mama Lynn. Habari ya kusoma?"

"Salama, mzee."

"Kogo amepigia nani?"

"Niliapa, mzee."

"Ulimwapia nani? Yule msichana wa Nakuru kesho anarudi kwao. Mimi nitakuwa hapa." Hakupandisha sauti. "Sina haja na yako, yako naijua. Nataka ya huyu mama, kwa sababu ile ya Kamande ilitutia aibu kwa wakubwa huko juu. Kesho asubuhi utaniambia pale mlangoni. Ukishindwa, rudi na maziwa yako nyumbani."

Kogo alikuwa kando yangu, ameshika fimbo. Niliulizwa mimi ilhali yeye yuko pale pale.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye usiku ule. Kabla ya jogoo, matokeo ya wadi yalitangazwa. Kibii alikuwa ameshinda mbali. Nikashusha pumzi, nikamwambia Kogo kwamba sasa mzee hatajali tena. Kogo akasema, "Humjui huyo." Kweli, kabla sijamaliza kukamua, jirani alipita akasema kwamba katika shule yetu kuna kura chache zimekosa njia, hazikwenda kwa Kibii, na mwenyekiti amekesha akiulizia ni za nani.

Tulipakia mitungi kwenye punda. Kogo alisema atakuja. Nikamwambia njia ina utelezi. Akavaa buti.

Foleni ilikuwa imefika ukutani. Omolo, kijana anayepima maziwa, alikuwa ndani na kile kipimo chake cha spiriti cha kujua maziwa yaliyoharibika, na mwenyekiti alisimama mlangoni kwa ndani. Mlango wa kituo ni mmoja tu, wa bati, na kizingiti chake cha saruji kimelika kwa mitungi. Zamu yetu ikafika.

"Haya, Mama Lynn."

"Mzee, Kibii ameshinda. Tumpongeze."

"Sikuuliza nani ameshinda."

"Niliapa."

Akamgeukia Omolo. "Chukua wa nyuma."

Nilishika mtungi wangu niuondoe njiani. Nakiri jina lilikuwa limefika kwenye ulimi. Jina lolote lingetosha. Lakini Kogo alikuwa ametangulia. Aligusa kizingiti kwa fimbo, akageuka, akaketi juu yake kwa shida, kama mtu anayeketi mtoni, kisha akanyoosha miguu miwili na buti zake zenye tope hadi ikaziba mlango wote.

"Kogo, toa miguu," mwenyekiti akasema.

"Imechoka. Inatoka mbali."

"Unazuia watu."

"Sijazuia mtu. Waruke."

Hakuna aliyecheka. Huku kwetu huruki miguu ya mama mzee iliyonyooshwa, hata kama nyumba inaungua; ni kujitafutia laana. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu alisogea na mtungi wake, akaangalia zile buti, akarudi.

"Mimi siwezi," akasema. "Nina watoto wadogo."

Wa pili naye akakataa. Mwenyekiti akainama amwinue, akakumbuka kwamba huwezi kumvuta mama wa rika la mama yako mbele ya watu, akasimama tena.

"Kamande," akasema kwa hasira, "utaharibu maziwa ya senta nzima!"

"Ninaitwa Cheptoo," Kogo akasema. "Na maziwa yangu pia ni ya senta."

Mwenyekiti alirudi nyuma, akausukuma mlango kutoka ndani ukafunga kwa kishindo mgongoni mwa Kogo. Tukasikia komeo. "Leo hakuna maziwa!" akapaza sauti kutoka ndani. "Muulizeni Mama Lynn kwa nini!"

Na wakaniuliza. Hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko lango la shule, kuliko simu ya Lynn. Hawa ni wanawake ninaopalilia nao, walionishikia watoto.

"Mama Lynn, si useme tu twende nyumbani?"

"Ni neno moja!"

"Unajua bei ya dawa ya ng'ombe? Unataka tumwage?"

"Hata kama alimpigia Kamande mwenyewe, sema, tutacheka na iishe!"

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na jua likagonga mabati. Niliweka mkono kwenye mtungi wetu, alumini ilikuwa inaanza kupata joto. Nikamwangalia Kogo. Hakunisaidia kwa lolote. Alikuwa amefumba macho, uso umeelekea jua, kama yuko kwake.

Tangu jana nilikuwa nikisema "niliapa" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kana kwamba yule msichana wa Nakuru ndiye amenifunga mdomo na mimi sina hatia. Sasa nikasimama kando ya Kogo, mgongo kwenye bati, nikasema kwa sauti ya kufika hata ndani:

"Sisemi. Si kwa mwenyekiti, si kwenu. Leo sisemi na kesho sisemi."

Mtu akaguna. Mwingine akasema, "Haya, tumepata Kamande wawili." Yule wa fomu foa alinitazama sana. Kisha akauweka mtungi wake chini, akaukalia juu, akafunga leso vizuri kichwani.

"Basi tungoje," akasema. "Mimi nimechoka kutojua kusoma."

Wengine hawakumuunga mkono wala hawakumpinga. Walishusha mitungi tu, maana mikono ilikuwa imeuma. Tulikaa hivyo. Ndani tulisikia mwenyekiti akitembea, na Omolo akisema kitu, na kukemewa. Kutoka kule chini kwenye kona, lori la kampuni inayonunua maziwa likapiga honi. Lori hilo halingoji mtu. Likikuta tangi halijajaa, linaondoka, na linauliza kwa nini, na wa kujibu ni mwenyekiti.

Likapiga honi tena, karibu zaidi.

"Kogo," nikanong'ona, "na akifungua akatukataa tena?"

"Miguu bado ninayo," akasema.

Ndani hatua za mwenyekiti zikakoma. Halafu sauti ya mwenyekiti, ya chini, ya mtu anayezungumza na ukuta: "Fungua."

Komeo likatoka. Mlango ukafunguka taratibu, na aliyekuwa mbele ni Omolo, ameshika kipimo chake. Mwenyekiti alikuwa kule nyuma karibu na tangi, ametupa mgongo. Omolo akachuchumaa pale kizingitini, upande wa ndani, bila kuziruka zile buti.

"Shosho Cheptoo," akasema, "tuanze na hii yako kabla haijaganda."

Kogo akafungua macho. Akapapasa hadi akapata mtungi wetu, akaugonga mara moja kwa fimbo kunionyesha ni huu. Kisha akakunja mguu mmoja tu, nafasi ya kutosha mtungi mmoja kupita.